Kalvati iliyoachwa hewani: uchambuzi wa ajali ya ekskaveta huko Bunyoro

Fomu ya ajali ina kisanduku cha chanzo. Katika kisa hiki msimamizi alikijaza kwa maneno matatu: uzembe wa opareta. Kisanduku kinachofuata, cha hatua zilizochukuliwa, kikajazwa hivi: opareta ameachishwa kazi. Karatasi ikapigwa mhuri, na kesho yake asubuhi ekskaveta ileile, mashine ya kuchimbia, ikawashwa kwenye mtaro uleule, ikiwa na opareta mwingine ambaye hakuna aliyemwuliza lolote kabla hajapanda.

Nilisoma faili hilo kwa ombi la mkandarasi, kisha nikazungumza na waliokuwapo, akiwamo kijana aliyevunjika mguu. Majina yote nimeyaacha, ya watu na ya kampuni. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba opareta huyo hakuzembea, na kwamba neno hilo likibaki kwenye faili, ajali hiyo itarudi.

Siku yenyewe

Kazi ilikuwa ya kutengeneza barabara ya changarawe inayochepuka kutoka ile kubwa ya Hoima kwenda Masindi. Ilikuwa Oktoba, mvua za pili za Bunyoro, magharibi mwa Uganda, zimekolea. Palipokuwa na kijito ilibidi kulaza kalvati za zege, mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara, kukatiza barabara, zenye kipenyo cha ndani cha milimita 900, kila kipande kikiwa na urefu wa mita moja. Mtaro ulichimbwa asubuhi, kina chake kama mita moja na nusu. Ekskaveta ya tani 20 ilikaa mwisho wa mtaro, uso ukielekea ilikokwisha kuchimba. Kalvati zilizokwisha kulazwa zilikuwa mbele yake, upande wa mbali. Kila kalvati mpya ilifungwa mnyororo kwenye baketi (ndoo ya kuchimbia), ikainuliwa, ikazungushwa hadi juu ya mtaro, ikashushwa, kisha ikasogezwa mbele mpaka mdomo wake ushikane na ule wa iliyotangulia.

Opareta wa ekskaveta alikuwa na homa tangu alfajiri. Aliyelala naye chumba kimoja kambini anasema mwenzake alitapika kabla ya chai. Alipanda mashine hivyo hivyo, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Saa nane na dakika chache mchana alikuwa ameinua kalvati na kuisimamisha juu ya mtaro, nusu mita hivi kutoka chini, homa ilipomzidi. Akafungua mlango wa kebini, akashuka mbio kwenda kichakani. Injini ilibaki ikinguruma. Kalvati ilibaki hewani.

Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Ziwa Albert. Nyapara akatazama wingu, akatazama mtaro uliokata barabara nzima, akamwita opareta wa beko (trekta yenye mkono wa kuchimbia nyuma) aliyekuwa amekaa kivulini. "Fundi, hebu panda umalizie hiyo moja tu, mwenzako anaumwa." Yule ni mtu mzima, ameendesha beko miaka mingi upande wa Busia kabla ya kufuata kazi Bunyoro. Akajibu, "Sawa bosi," akapanda.

Ndani ya mtaro kijana wa kulaza kalvati alikuwa amesimama kati ya kalvati iliyolala na ile iliyoning'inia. Alikuwa ameinama, anapangusa tope kwenye mdomo wa iliyolala ili viungo vikae sawasawa. Mpiga ishara, akiwa ukingoni, akaonyesha kwa mkono: shusha kidogo. Opareta akaiona ishara, akasukuma leva ya kushoto mbele, taratibu kama inavyotakiwa. Kalvati haikushuka. Ilikwenda mbele, ikambana kijana ugokoni dhidi ya kalvati iliyolala, na mfupa ukavunjika.

Kilichofuata kinastahili kuandikwa, maana fomu haikukigusa kabisa. Opareta aliachia leva zote mbili. Zikarudi katikati, vali zikafunga, mashine ikaganda pale pale. Nyapara alikuwa akipiga kelele "Inua! Inua!" naye hakuinua. Aliniambia kwamba mikono ilikwisha kumdanganya mara moja, na asingethubutu kuiamini mara ya pili mtu akiwa amebanwa. Nafikiri uamuzi huo ndio uliookoa mguu. Angevuta leva ile ile nyuma kwa nguvu huku amepigwa na butwaa, stiki ingerudi kwa kishindo, kalvati ingebembea, na hakuna ajuaye ingetua wapi iliporudi.

Mpiga ishara naye alitumia akili. Aliona kwamba kalvati bado imeshikwa na mnyororo. Kitu kilichoning'inia uzito wake unabebwa juu. Anayekisukuma kando kidogo hapambani na uzito wote. Watu wanne wakapenyeza miti miwili kati ya kalvati na kalvati, wakasukuma kuelekea upande wa mashine, na wa tano akamvuta kijana kwapani. Wakamfunga mguu kwa vipande vya mbao bila kujaribu kuunyoosha, wakampakia kwenye pikapu ya saiti hadi hospitali.

Leva mbili, mipangilio miwili

Asiyewahi kukaa ndani ya ekskaveta anaweza kushangaa: mtu mwenye uzoefu wa miaka anawezaje kusukuma mashine upande asioutaka? Jibu liko kwenye leva.

Ekskaveta ina leva mbili, moja kila mkono, na kila moja huenda pande nne. Kwa hizo opareta huongoza mambo manne: kuzungusha mwili wa mashine, kuinua na kushusha bumu (ule mkono mkubwa unaotoka kwenye mwili), kupeleka na kurudisha stiki (mkono mdogo unaobeba baketi), na kukunja au kufungua baketi. Kushoto na kulia hakuna tatizo. Leva ya kushoto huzungusha mashine, leva ya kulia huongoza baketi, na ni hivyo karibu kila mahali. Shida iko kwenye mbele na nyuma. Katika mpangilio wa ISO (shirika la kimataifa la viwango), ambao ndio ulioenea kwenye ekskaveta, leva ya kushoto ikienda mbele hupeleka stiki mbali na mashine, na leva ya kulia ikienda mbele hushusha bumu. Katika mpangilio wa SAE (chama cha wahandisi cha Marekani), ambao wengi huuita wa beko, ni kinyume: leva ya kushoto ikienda mbele hushusha bumu, na ya kulia ikienda mbele ndiyo inayopeleka stiki.

Sasa rudi mtaroni. Ishara ilisema shusha. Kwenye beko aliyoizoea, kushusha ni kusukuma leva ya kushoto mbele. Akaisukuma. Kwenye ekskaveta ile, mwendo huo huo ulipeleka stiki mbele, na kalvati ikafuata stiki, moja kwa moja kwa aliyesimama mbele yake. Ni sawa na kukaa kwenye gari ambalo breki na eksileta vimebadilishana mahali: dereva mzuri ndiye anayegonga upesi zaidi, kwa kuwa mguu wake haungoji kufikiri. Mikono ya opareta huyu ilifanya kile ambacho miaka ya kazi iliifundisha kufanya. Mtu aliyezembea ni yule anayejua na akapuuza. Huyu hakuambiwa, na hakupewa nafasi ya kugundua.

Je, hakukuwa na alama kwenye kebini? Ilikuwapo. Mashine hiyo iliingia Uganda ikiwa imetumika, kutoka Japani, kama zilivyo nyingi zinazokodishwa kwenye saiti zetu. Kibandiko cha leva kiliandikwa Kijapani, na jua lilikwisha kukibabua nusu. Hata kingekuwa kipya kwa Kiswahili fasaha nisingekitegemea peke yake, kwani ziko mashine zenye vali ya kubadilisha mpangilio: fundi akiigeuza, kibandiko kinabaki kikisema ya jana.

Kinachoaminika ni jaribio. Opareta anapanda, anafunga mkanda, anahakikisha hakuna mtu karibu na baketi ni tupu. Injini inawekwa kwenye mwendo wa chini kabisa, kwa kuwa mafuta ya haidroliki (yale yanayosukumwa kwa shinikizo kusogeza mikono ya mashine) yakitoka polepole mashine nayo huenda polepole. Anafungua kufuli ya haidroliki, anainua baketi kidogo tu kutoka ardhini, kisha anagusa kila leva kila upande, mguso mmoja mmoja, akitazama nini kinasogea. Halafu anajaribu kuzunguka, kutembea mbele na nyuma, na kusimama. Dakika chache zinatosha. Opareta mzuri hufanya hivyo hata kwenye mashine aliyoiacha jana jioni, maana usiku fundi huenda alipita.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Opareta wa pili hakuweza kufanya jaribio hilo hata kama angetaka. Baketi haikuwa tupu. Ilikuwa imebeba kalvati juu ya mtaro wenye mtu. Mguso wowote wa leva, hata wa kujaribu tu, ungeisogeza kalvati. Kuanzia dakika opareta wa kwanza aliposhuka akaacha mzigo umening'inia, mwendo wa kwanza wa yeyote atakayepanda ulikuwa lazima uwe mwendo wa kazi, mbele ya mtu, kwa mashine asiyoijua. Mpangilio wa leva uliamua tu kalvati itaelekea wapi.

Mzigo hewani bila opareta ni hatari hata asipopanda mtu mwingine. Unashikwa na mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda. Sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje) zikichakaa, bumu hushuka pole pole bila mtu kuigusa. Mpira wa haidroliki ukipasuka kwenye mashine isiyo na vali za kuzuia, mzigo huanguka. Ndiyo maana utaratibu wa kushuka ni ule ule duniani kote: mzigo chini, baketi chini, kufuli ya haidroliki imefungwa, injini imezimwa, funguo mkononi. Mtu anayetapika hatakumbuka mfuatano huo. Kwa hiyo swali la haki ni hili: kwa nini mtu anayetapika alikuwa kwenye kebini?

Mita ya saa

Ekskaveta ilikodishwa pamoja na opareta wake. Malipo yalihesabiwa kwa mita ya saa iliyo kwenye dashibodi: mashine ikinguruma, pesa zinahesabika, ikizimwa, hakuna pesa. Mwenye mashine alimlipa opareta kwa hesabu hiyo hiyo. Siku ya homa ni siku bila posho. Mkataba wa kukodi, nilioupata ukiwa kurasa chache, ulieleza nani anajaza dizeli, nani anabadilisha meno ya baketi na nani analipa mashine ikikwama. Hakuna mstari hata mmoja uliosema nini kifanyike opareta akiugua.

Katika Bunyoro, wakati wa mvua, malaria si jambo la kushtukiza. Mtu anayepanga kazi ya miezi kadhaa huko na hana opareta wa akiba amepanga kwamba siku moja mgonjwa ataendesha mashine, au ataendesha asiyeijua. Hapa yote mawili yalitokea ndani ya robo saa.

Opareta wa beko, kwa upande wake, hakuwa akilipwa chochote kwa kuingia ekskaveta. Si mwajiriwa wa mwenye ekskaveta. Alifanya hisani, kuokoa jahazi, kwa kuwa nyapara alimwomba kwa heshima na mvua ilikuwa inakuja. Ndiye aliyetolewa kafara.

Simlaumu nyapara kwa kuharakisha. Mtaro ulioachwa wazi usiku kwenye barabara ya boda boda ni hatari yenyewe, na mvua ikiingia kuta zake hulainika. Haraka yake ilikuwa na sababu. Kosa ni kwamba njia pekee aliyokuwa nayo ya kumaliza ilikuwa kumpandisha mtu kwa maneno "hiyo moja tu". Nimeyasikia maneno hayo saiti nyingi. Kalvati moja tu, tripu moja tu, kuvuka mara moja tu. Mtu haulizwi kuhusu mashine, kwa sababu kazi inaonekana ndogo mno kustahili maswali.

Kati ya kalvati na kalvati

Kuna jambo la pili, na bila hilo leva zisizofahamika zingeleta mshtuko tu na si mguu uliovunjika. Kijana alisimama mahali ambapo hakuna mtu anayepaswa kusimama: kati ya mzigo unaoning'inia na kitu kisichosogea.

Sheria hii waendesha kreni huikariri: usipite chini ya mzigo. Wachache huongeza nusu yake ya pili, usisimame mahali ambapo mzigo ukienda kando huna pa kukimbilia. Ndani ya mtaro nusu ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, maana kushoto na kulia kuna kuta za udongo, na nyuma yake kulikuwa na kalvati.

Kwa nini alisimama hapo? Nilimwuliza. Kwa sababu mdomo wa kalvati iliyolala huchafuka kila baketi inapopita juu, na asipoupangusa kiungo hakishikani, na kiungo kisiposhikana injinia hukataa na kazi hurudiwa. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Alipewa kitambaa na koleo. Hakupewa brashi yenye mpini mrefu, wala kamba ya kuongozea mzigo, wala hakuambiwa apanguse kabla kalvati mpya haijainuliwa. Mfuatano salama haugharimu chochote. Mdomo husafishwa kwanza, kila mtu hutoka mtaroni, kalvati hushushwa na kukaa chini kabisa nusu mita kabla ya kiungo, mnyororo hulegezwa, ndipo mtu huingia kuangalia. Akishatoka tena, kalvati husogezwa hadi kiungo, na anayehitaji kuinyoosha hutumia kamba akiwa juu ukingoni.

Upande wa ishara sikuona kosa kubwa, ingawa kuna dogo. Mpiga ishara alionekana vizuri kutoka kebini na ishara yake ilikuwa sahihi. Ila alipokuwa amesimama aliona mgongo wa kijana, hakuona miguu wala nafasi iliyobaki mbele yake. Pia nyapara alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili. Kwenye saiti ambako mmoja anaongea Runyoro, mwingine Kialur, mwingine Luganda na opareta Kiswahili, na injini ikiwaka hakuna anayesikika, mkono wa mtu mmoja ndio lugha ya wote. Mmoja huongoza. Wengine wote wana ishara moja tu wanayoruhusiwa kutoa, nayo ni simama, na opareta akiiona kwa yeyote, hata kwa muuza chai, anasimama.

Uzito nautaja kwa sababu mwenye mashine aliung'ang'ania sana, akisema ekskaveta yake "haikuzidiwa". Ni kweli. Kalvati ya kipimo hicho, ikiwa ukuta wake ni sentimita 10, ina zege ya ujazo wa kama theluthi moja ya mita ya ujazo. Zege ikiwa na kilo 2,400 kwa kila mita hiyo, inakuja karibu kilo 750. Mashine ya tani 20 hubeba hizo bila kuhema ikiwa haijanyoosha mkono mbali mno. Chati ya kuinua iliyopo kwenye kitabu cha mashine, inayofuata kiwango cha ISO 10567, tayari imeacha akiba: inaruhusu si zaidi ya asilimia 75 ya uzito wa kuipindua, au asilimia 87 ya nguvu ya haidroliki, kutegemea kipi ni kidogo. Mashine hii ilikuwa mbali na mipaka hiyo. Lakini mnyororo ulipitishwa kwenye jino la baketi, na hilo halikubaliki kwa uzito wowote. Jino hushikwa na pini tu, na baketi ikikunjuka kidogo mnyororo huteleza. Mashine ya kuinulia inatakiwa iwe na jicho la kuinulia lililowekwa na mtengenezaji, pamoja na kulabu yenye ulimi wa kuzuia. Wakati huu mnyororo haukuteleza, ndiyo maana hakuna aliyeuandika kwenye fomu.

Vivyo hivyo kuta za mtaro. Udongo uliochimbwa ulirundikwa ukingoni kabisa, hapakuwa na mbao za kuzuia, na mvua ilinyesha usiku uliotangulia. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa hukaribia tani mbili. Watu watano waliruka ndani kumwokoa mwenzao bila mtu kutazama kuta. Nawaheshimu kwa ujasiri wao, nami ningependa siku nyingine wasilazimike kuwa nao.

Karatasi na haki ya kijana

Kwa siku kadhaa baada ya ajali familia ya kijana iliambiwa kwamba, kwa kuwa kosa ni la opareta na opareta si wa kampuni, wamfuate opareta. Wakaambiwa pia kwamba kijana ni kibarua wa kutwa, hana barua.

Hayo yote mawili hayasimami. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua mkataba wa kazi wa mdomo kama ule wa maandishi. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inambana mwajiri kwa jeraha lililotokana na kazi na likatokea kazini, bila mfanyakazi kulazimika kuthibitisha nani alizembea. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Ulemavu wa kudumu ukiwa kamili, fidia hupimwa kwa kipato cha miezi 60, na ukiwa wa sehemu hukatwa kwa kiwango cha ulemavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2006, inamtwika mwajiri wajibu wa mitambo salama, utaratibu salama wa kazi, maelezo, mafunzo na usimamizi. Idara ya Usalama na Afya Kazini iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ndiyo yenye wakaguzi wa kufuatilia.

Ukiisoma orodha hiyo ya wajibu, utaona kwa nini maneno "uzembe wa opareta" ni matamu kwa anayeyaandika. Yanahamisha jambo zima kutoka kwenye utaratibu, mafunzo na usimamizi, ambavyo ni vya mwajiri, na kuliweka kwenye mikono miwili ya mtu ambaye hana wakili.

Hatimaye mkandarasi alikubali gharama za hospitali na kuanza kulipa posho ya kipindi cha kupona. Nilipomwona kijana alikuwa bado na plasta, na daktari alikuwa hajasema kama mguu utarudi kuwa na nguvu ya kushuka mtaroni.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Nilipendekeza kisanduku cha chanzo kiandikwe upya: mashine ilibadilisha opareta ikiwa na mzigo hewani na mtu ndani ya mtaro, opareta mbadala hakujaribu leva kwa kuwa hali haikuruhusu, opareta wa kwanza alikuwa mgonjwa na hapakuwa na mpango wa kumpumzisha, kazi ya kusafisha kiungo ilimlazimu kibarua kusimama kwenye njia ya mzigo. Ni maandishi marefu kuliko maneno matatu, na kila kipande chake kinaelekeza kitu cha kufanya kesho.

Baadhi yamefanyika. Mpangilio wa leva sasa umechorwa kwa rangi ndani ya mlango wa kila mashine, kwa michoro bila maandishi. Hakuna mashine inayobadilisha opareta ikiwa na mzigo, na anayepokea hufanya jaribio la baketi tupu nyapara akiwa anatazama, jina lake likiandikwa kwenye daftari la saiti. Brashi za mipini mirefu zilinunuliwa Hoima mjini siku ile ile nilipozitaja. Kati ya yote ndicho kitu kilichokuwa rahisi kupita vyote. Mkandarasi alitaka pia kuongeza mabango ya helmeti barabara nzima. Sikumzuia, ila kijana alikuwa na helmeti kichwani, na kizibao cha kung'aa, na buti, siku ugoko wake ulipovunjika.

Mkataba wa kukodi bado haujaguswa. Mwenye mashine anasema kumlipa opareta siku ya ugonjwa ni kumfundisha uvivu. Nimemwandikia hesabu: posho ya siku mbili za homa kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili siku ambazo ekskaveta yake ilisimama baadaye kwa uchunguzi bila mita kuhesabu. Kadhalika nimemwomba mkandarasi aweke sharti kwamba saa za opareta mgonjwa zilipwe na mradi, ili uamuzi wa kushuka kwenye kebini usiwe kati ya mtu na chakula cha watoto wake.

Na opareta wa beko bado yuko nyumbani Busia. Beko yake inaendeshwa na kijana aliyetoka kwenye tipa. Barua yangu ya kuomba arudishwe na aondolewe neno la uzembe kwenye rekodi iko mezani kwa mkandarasi, na nimeiambatanisha na maelezo ya mpiga ishara, ambaye aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba aliyeachia leva huku akipigiwa kelele za kuinua ndiye aliyemwachia mwenzao mguu.